Ubeti Uliotoka Ng'ambo ya Katuma

Stesheni ya Reli, Mpanda
12 Februari 1995

Dada Tereza,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na mtoto. Sisi huku tupo. Mvua ni nyingi mwaka huu. Mahindi ya Mama pale Sitalike yamesimama vizuri, ingawa nguruwe pori wamekula upande wa mtoni. Mama mwenyewe anakula kidogo lakini kazi anafanya. Mimi bado nakaa Kashaulili, kwenye chumba cha nyuma ya duka la Mzee Zubery, na bado ni karani wa vifurushi: naandika hati za magunia ya mpunga na madebe ya asali, nabandika lebo, naogopa kukosea. Hujaniandikia mtoto ameitwa nani. Nimeuliza tena na tena.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Baba mdogo Kashinje ameita kikao cha kundi letu la kuimba. Anasema tangu Baba avuke mto Katuma kumtafuta yule fahali wake aliyepotea, mwezi wa kumi na moja, hakuna aliyemwona. Askari wa hifadhi wametafuta mpaka wamechoka, na haifai tukae tunasubiri kama abiria. Anataka wimbo ufungwe baada ya mavuno na matanga yaondolewe. Kisha atahama na ng'ombe kwenda bonde la Rukwa, maana malisho ya hapa yamekwisha. Hawezi, anasema, kuswaga ng'ombe wa kaka yake huku nyuma kuna wimbo uko wazi.

Mzee Zubery alinisikia nikilalamika dukani akauliza, "Wimbo gani huo unaozuia ng'ombe?" Nikamweleza nilivyoweza. Nikamwambia kwamba katika kundi letu la wigashe, sisi tunaoimba tumekaa kwenye vigoda, wimbo mkubwa hautungwi na mtu mmoja. Wa kwanza anaanzisha, na ubeti wake lazima uishie kwenye swali. Wa pili anapokea: anajibu, naye anauliza lake. Wa tatu anafunga, yaani anajibu bila kuuliza. Swali likiisha, wimbo umefungwa. Mtunzi akifariki, wenzake wanaufunga wimbo wake wa mwisho siku ya kuondoa matanga, unaimbwa siku hiyo tu, haurudiwi. Kwa hiyo kuufunga wimbo wa mtu ni kusema amekufa. Mzee akampimia mteja sukari, akaifunga vizuri, halafu akasema, "Na wa kufunga ni nani?"

Ni mimi, dada. Baba alianzisha, wewe ukapokea kwa barua kutoka huko Malampaka, na mimi ndiye ninayesubiriwa. Nauandika tena ili tuuone wote wawili. Wa Baba:

Tulitoka Maswa na vumbi mgongoni,
ng'ombe wakatangulia kama wameitwa.
Nani aliyewaonyesha njia?

Na wa kwako:

Njia walionyeshwa na njaa,
njaa ilitembea nasi hadi tukaizoea.
Aliyebaki nyuma, nani atarudi kumchukua?

Unakumbuka Baba alitaka huu uwe wa Kiswahili, ili Wapimbwe na Wakonongo waliotupokea nao wasikie tunasema nini. Akanipa mimi kufunga kwa sababu nina maneno ya shule. Sasa hayo maneno ya shule yamenikimbia. Nikilijibu swali lako, nimemzika mtu ambaye huenda yuko njiani anakuja. Nisipolijibu, Baba mdogo atasema mimi ndiye niliyewafunga wote hapa. Bila mpokeaji kukubali siwezi kufunga. Niambie nifanye nini.

Ni mimi mdogo wako,
Ngusa


Malampaka
11 Machi 1995

Ngusa,

Mwangaluka, mdogo wangu. Barua yako nadhani ilikaa sana Tabora, imefika na alama ya kikombe cha chai. Hapa hatujambo. Shemeji yako anapalilia pamba na kulalamikia mgongo. Mtoto ananyonya, analala, ananyonya. Mama mkwe anamwogesha mwenyewe, mimi hanipi nafasi.

Jibu langu ni hapana. Usifunge. Mtu amepotea msimu mmoja tayari mnamtafutia mwisho. Kashinje akitaka malisho aende, ng'ombe hawaulizi nyimbo.

Na wewe acha kutetemeka. Tangu utoto ulikuwa hivyo, ulikuwa unaogopa hata bata wa mwalimu, ukawa unazunguka nyumba nzima ili usipite mbele yao. Sasa Serikali imekupa treni ulinde.

Kuna neno moja umeliruka. Unasema askari walitafuta. Hukusema walipata nini. Mtu haingii porini asiache hata kitu kimoja. Niandikie.

Wako,
Tereza


Stesheni ya Reli, Mpanda
6 Aprili 1995

Dada Tereza,

Salamu nyingi. Mama anakusalimu, amenituma nikuulize kama mtoto anacheka. Mimi nauliza lile langu la siku zote, jina lake.

Uliyouliza kuhusu askari nitakujibu siku nyingine. Kuna jambo limetokea na nataka kuliandika kabla halijabadilika kichwani.

Wiki iliyopita Mzee Zubery alikwenda Sitalike kwa baiskeli, kupeleka chumvi na sabuni. Alasiri alipofika kivukoni, pale wanapochota maji, akasikia mtu anaimba kwenye matete. Hakumwona. Anasema ilikuwa sauti nzito, kama ya mtu anayeimba ndani ya kifua chake bila kufungua mdomo vizuri. Akasimama akasikiliza kwa sababu maneno yalikuwa ya Kiswahili, na yule mtu aliyarudia mpaka Mzee akayashika. Aliporudi akaniambia kwa utani, "Nyie Wasukuma siku hizi mnaimbia viboko." Kisha akanisomea:

Aliyebaki nyuma ana jiko lake, ana moto.
Mimi ndiye niliyetoka bila kula.
Chakula changu mmemfunikia nani?

Dada, Mzee Zubery sikumwimbia wimbo wetu. Nilimweleza desturi tu. Ubeti wako hajausikia kwa mtu yeyote. Na hebu tazama: unajibu swali lako, tena unaanza na maneno yako mwenyewe, kisha unauliza. Zamu ilikuwa yangu. Mtu ameingia katikati, mbele yangu, wimbo umefunguka tena.

Nilimwomba aniambie kama alikuwa ananitania tu. Aliponitazama usoni utani ukamwisha, akaniuliza mimi nina nini. Nikamwambia ni malaria. Usiku ule alinipikia uji yeye mwenyewe.

Siwezi kumwambia Baba mdogo. Nimekuambia wewe tu. Naomba barua hii usimsomee mtu.

Ngusa


Malampaka
30 Aprili 1995

Mdogo wangu Ngusa,

Tumshukuru Mungu tunapumua. Mvua imevunja choo, shemeji yako anachimba kingine. Mwambie Mama mtoto anacheka, hasa akiona kuku. Jina litakuja, usiwe na haraka kama karani.

Huo ubeti nimeusoma nimekaa jikoni, nikaacha ugali ukaungua. Sikuogopa. Sijui kwa nini wewe unaogopa. Mtu wa nyumbani akiuliza, anajibiwa, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nami ndiye mpokeaji. Huu hapa:

Chakula kiko chini ya ungo, kuku wamekatazwa.
Anayekifunika halali mapema.
Uko ng'ambo ipi ya mto tukuletee?

Usimpe Zubery wala Kashinje. Mpe Mama. Msomee mpaka aushike, yeye ndiye anayekwenda kivukoni kila siku. Auimbe pale anapochota maji. Wewe usiende kama miguu inagoma.

Ile siku nyingine uliyosema utanijibu bado haijafika?

Tereza


Stesheni ya Reli, Mpanda
10 Juni 1995

Dada Tereza,

Nisamehe kwa kukawia. Maji yalichukua tuta la reli huko mbele, treni hazikuja, tukawa tumekaa na magunia ya watu yanaota. Sasa njia imefunguka. Mahindi yamevunwa. Baba mdogo amenunua kengele mpya za ng'ombe, kwa hiyo unaona nia yake.

Nilifanya ulivyosema. Nilimsomea Mama ubeti wako akiwa anapepeta. Hakushangaa. Aliniambia nirudie, akanirudishia wote bila kukosa neno, akauchukua mtungi wake, akaenda. Sikumfuata.

Unamkumbuka Verdiana, yule mama anayeuza uji nje ya stesheni? Kwao ni Sitalike, huja na lori la mkaa. Juzi aliniwekea kikombe dirishani akasema huko kwao watu wengine wameacha kuchota maji pale kivukoni, wanakwenda juu, mbali, kwa sababu kuna mtu anaimba kwenye matete na haonekani. Nikamwomba asiseme zaidi. Akasema. Verdiana ukimwomba asiseme ndipo anaposema.

Niko ng'ambo ambayo kuni hazikauki.
Sauti za kwetu nazisikia, majina siyasikii.
Mbona binti yangu hajaja?

Swali hili siyo langu, dada. Nakuachia.

Baba mdogo naye limemfikia. Alikuja mpaka dirishani pangu watu wakiwa kwenye foleni, fimbo mkononi, akasema taratibu, "Mnaongea na nani, Ngusa? Kama ni kaka yangu, mwambieni aje tuonane. Kama siye, mnamwita nani akae mahali pake?" Nilimwandikia mteja hati ya kwenda Kaliua badala ya Tabora.

Silali vizuri. Treni ikianza kuondoka, magurudumu yanashika mapigo ya wimbo ule. Najua magurudumu yote yana mapigo. Najua.

Ngusa


Malampaka
15 Julai 1995

Ngusa,

Tuko salama. Mtoto alikuwa na homa, imepita. Pamba si nyingi.

Sina ubeti wa kukutumia. Usiniulize kwa nini. Msalimie Mama.

Tereza


Stesheni ya Reli, Mpanda
4 Agosti 1995

Dada Tereza,

Nashukuru homa imepita. Huku ni upepo na vumbi, na magari yenye vipaza sauti yameanza kupita Kashaulili, kila chama na wimbo wake, hadi Mzee Zubery amejaza pamba masikioni.

Barua yako ilikuwa fupi, na mimi sikuuliza kwa nini. Lakini kimya chako hakikuzuia kitu. Ubeti mwingine umekuja. Nimeupata kwa mtu aliyepita hapa stesheni. Nauandika kama ulivyo:

Nimevuka, maji yalikuwa ya kiuno tu.
Nguo nimeikunja, iko kavu.
Fahali nimempata, anakula majani.
Nyie hameni.

Hauimbiki vizuri, unakatika mwishoni kama mtu aliyesimama ghafla. Sijui niuweke wapi. Baba mdogo ameshapanga: matanga yataondolewa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, uwe umekubali au hujakubali. Amesema nisipoleta ubeti wa kufunga, atafunga yeye, na unajua Baba mdogo anavyotunga. Atamtaja kila ng'ombe kwa rangi yake.

Nimejaribu kila siku. Kila ninachoandika kinaishia kwenye swali.

Ngusa


Malampaka
20 Agosti 1995

Ngusa,

Salamu baadaye. Nguo gani?

Miezi yote hii nakuuliza walipata nini, unaniambia siku nyingine. Sasa ubeti unaniletea nguo iliyokunjwa kana kwamba nilishaambiwa. Na huyo mtu aliyepita stesheni ana jina gani? Wewe unayeandika jina la mwenye kila debe la asali, leo umepokea mzigo kama huu bila kuandika jina?

Nami nina langu la kukuambia, maana hatuwezi kuendelea hivi. Anayeimba kivukoni ni Mama. Nilijua tangu ule wa kwanza. Baba ameimba juu ya ng'ombe, juu ya vumbi, juu ya watu waliomdharau. Chakula hajakiimba hata mara moja, alikuwa anakikuta tu mezani. Anayejua chakula kimefunikwa na nini, na anafunikiwa nani, ni aliyekifunika. Nilimjibu kwa kuwa ndiye aliyeniuliza. Mama hajui kuandika. Kila neno lake kwangu linapita kwako au kwa Kashinje, na kuna maneno mwanamke hawezi kuyapitisha kwa wanaume. Ile ilikuwa mara ya kwanza aniletee lake mwenyewe. Ndiyo maana nilikuambia umpe yeye.

Kisha akaniuliza mbona sijaja. Hapo ndipo nilipoishiwa. Nikija, nitakuwa nimekuja msibani. Na mtoto hana jina, Ngusa. Hilo ndilo jibu lako la tangu Januari. Ni wa kiume. Mama mkwe anataka aitwe Malale, jina la babu yake, baba yetu, na kwetu jina hilo halipewi mtoto mpaka mwenyewe awe ametangulia. Tunamwita Mtoto. Anaitika.

Ila huu wa tatu, hapana. Mama hasemi "hameni." Mama hataki kuhama hata jiko. Nenda Sitalike umuulize ana kwa ana ameimba beti zipi. Halafu niandikie ukweli.

Tereza


Stesheni ya Reli, Mpanda
1 Septemba 1995

Dada yangu,

Nimekwenda. Nakuandikia yote, usinikatize.

Nilimkuta Mama anasuka ungo mpya uani. Nilizunguka maneno, nikauliza habari za mihogo, mpaka akasema, "Sema ulichotumwa." Nikamwambia Tereza anajua. Hakuacha kusuka. Akasema zile beti mbili ni zake, ule wa chakula na ule wa binti. Anaimba akiwa ameinama juu ya mdomo wa mtungi mtupu, sauti inaingia ndani inarudi nzito. Mara ya kwanza hakukusudia mtu asikie. Alikuwa anachota maji, wimbo ukamjia mahali ulipokuwa umeachwa.

Nilimwambia kwamba zamu ile ilikuwa yangu, yeye hayumo kwenye watunzi watatu. Aliniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyesema jambo la kuchekesha mbele ya wageni.

"Baba yako alikuwa anatunga kitandani," alisema. "Anauliza giza, mimi ndimi giza. Ulifikiri maswali yale alikuwa anajibiwa na nani mpaka akapata jingine la kuwapelekea nyie?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote. Akasema hakuna aliyemuuliza. Na kwa nini alikuwa anaimba kama Baba. Akasema akiimba kwa sauti yake watasema mjane analia, na kulia ni mwanzo wa matanga. Alitaka wimbo usifungwe, basi. Maadamu kuna swali, chakula kinafunikwa.

Kisha nikamsomea wa tatu.

Ungo ulimtoka mkononi. Akataka nirudie pale pa maji. Nikarudia. Pale pa nguo. Nikarudia. Akaniuliza nimeutoa wapi, nikainama nikauokota ungo. Akaingia ndani, akatoka na ile nguo, akaiweka mapajani bila kuikunjua.

Kwa hiyo hapa ndipo ninapokujibu. Askari walipata lubega la Baba, lile jekundu lenye mistari. Lilikuwa juu ya jiwe, ukingoni mwa mto, upande wetu. Halikuchanika, halikuwa na damu. Lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama limetoka dukani. Waliniita mimi nilitambue kwa sababu mimi ni karani na najua kusaini. Nilisaini. Sikukuandikia kwa kuwa nguo iliyochanika ningeielewa. Iliyokunjwa siielewi. Najiuliza mtu anakunja nguo mbele ya nini.

Na mtu aliyepita stesheni hayupo. Nilikudanganya. Mwisho wa Julai lilikuja behewa la ng'ombe, likaachwa kwenye njia ya pembeni, tupu, milango wazi. Mchana, jua la utosi, watu wako kivulini, mimi nikaenda kuandika namba yake. Nikausikia humo ndani. Siyo kichwani mwangu, dada, humo ndani, sauti ikiwa na mwangwi wa mbao. Ulikuwa wote mzima, mistari yote minne, mara moja tu. Nilichungulia. Palikuwa na samadi kavu na nzi. Niliuandika nyuma ya hati ya mzigo kwa sababu mkono wangu umezoea kuandika hata ninapoogopa.

Sasa nieleze wewe. Nilijua kuhusu nguo, kwa hiyo huenda ni mimi mwenyewe. Lakini kuhusu kiuno sikujua. Nani alijua maji yalikuwa ya kiuno?

Ngusa


Malampaka
12 Septemba 1995

Ngusa mdogo wangu,

Namwachia barua hii fundi wa reli anayekuja huko, ikufikie kabla yangu.

Soma huo ubeti tena. Nimevuka. Nguo iko kavu. Fahali nimempata. Nyie hameni. Swali liko wapi?

Halipo. Ndiyo maana uliona unakatika. Wewe, mfungaji, umekaa na ubeti wa kufunga mwezi mzima mfukoni, ukawa unautafuta. Ingekuwa siyo msiba ningekucheka mpaka Tabora wasikie.

Kuhusu nguo, hukuwa ukichunga naye kwa sababu ulikuwa shuleni. Mimi nilichunga. Kila alipovuka maji, Baba alivua lubega, akalikunja pembe kwa pembe, akaliacha ukingoni. Alikuwa anasema nguo ikiachwa kavu upande huu, mwenyewe lazima arudi kuivaa. Hakukunja mbele ya kitu cha kutisha. Alikuwa anafikiri anarudi.

Kama ni wewe uliyeutunga au ni yeye, sijui, na sitaki unijibu. Tulivyokuwa tukitunga watatu, nilikuwa nikisikia wimbo unaimbwa nashindwa kujua langu limeishia wapi. Kumbe tulikuwa wanne.

Nimekubali. Mwambie Kashinje mpokeaji amekubali. Mwambie Mama binti yake anakuja, na mtoto.

Tereza


Stesheni ya Reli, Mpanda
25 Oktoba 1995

Dada Tereza,

Natumaini ulifika salama na safari haikumsumbua mtoto. Mzee Zubery bado anasimulia jinsi alivyoshikwa ndevu. Stesheni ni ile ile. Behewa lile lilichukuliwa siku mbili baada ya wewe kuondoka. Kabla hawajaliunga nilikwenda nikasimama mlangoni mwake, sijui nilitaka nini. Nzi tu. Nilirudi dirishani pangu nikiwa kama mtu aliyefukuzwa.

Siku ya matanga ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia. Lakini uliimba umefumba macho, kwa hiyo kuna uliyoyakosa. Hukuwaona watu Mama alipokaa kwenye kigoda cha Baba. Baba mdogo aliinua mkono kumzuia, kisha akaushusha na kuuweka juu ya ngoma kana kwamba ndiyo safari yake tangu mwanzo. Mama alipoimba ule wa chakula kwa sauti yake mwenyewe, bila mtungi, wanawake wa Sitalike walishikana. Walitambua ndiye aliyekuwa anaimba kwenye matete. Verdiana alijifunika kanga usoni, nadhani kwa aibu ya kuhama kivuko.

Ikafika zamu yangu. Niliupanga ubeti kichwani, nikafungua mdomo. Dada, ulikuwa karibu nami. Baba mdogo anasema niliimba vizuri, kwa sauti nzito ambayo hakujua kama ninayo. Mimi nakumbuka nimefungua mdomo, na nakumbuka kimya cha baadaye. Katikati sina kitu. Uliponishika bega, nilitaka kukuuliza ulisikia nani. Sikuuliza, na sitauliza sasa.

Wiki iliyopita wamehama. Mama alikataa hadi asubuhi yenyewe. Ng'ombe walipoanza kutoka, alitoka ndani na kifurushi kimoja, lubega la Baba begani, limekunjuliwa. Akasema, "Amesema nyie. Hakusema isipokuwa mimi." Ule ungo mpya alimwachia jirani. Ule wa zamani aliugeuza juu chini mlangoni, bila chakula chini yake.

Niliwasindikiza hadi kivukoni. Katuma imebaki madimbwi, maji yalikuwa ya vifundoni. Baba mdogo alitangulia na ng'ombe, kengele zikilia. Mama alisimama ukingoni. Akavua lile lubega, akalikunja pembe kwa pembe, taratibu, akaliweka juu ya jiwe, akavuka. Nikamwita, nikamwambia amesahau nguo. Hakugeuka. Akasema, "Sijasahau."

Nilirudi mjini na lori la mkaa. Sikuigusa.

Juzi imenyesha mvua ya kwanza, kubwa, tangu alasiri hadi asubuhi. Leo Verdiana ameniletea uji dirishani, akasema ile nguo bado iko pale pale juu ya jiwe, imekunjwa, na hakuna anayethubutu kuichukua. Nilimlipa uji wake. Sikumuuliza kama imelowa.

Msalimie Malale.

Ndugu yako,
Ngusa